Mama Alinitwisha Mwenyewe Vigae Nilivyomwibia

Mimi ni mwizi. Naanza na hilo ili usije ukanionea huruma kabla hujajua. Niliyemwibia ni mama yangu mzazi, na nilichomwibia ukikisikia utacheka. Vigae! Vipande vya vyungu vilivyovunjika, vile ambavyo kwa wengine vinatupwa jalalani kuku wakaparua juu yake.

Cheka tu. Mimi kulia nimemaliza, na kucheka sijaweza.

Jina langu halitakusaidia kitu, na ndugu yangu yupo hai, kwa hiyo niache bila jina. Jua tu kwamba nimezaliwa upande wa Mahege, katika nyumba ya wafinyanzi. Kwetu kufinyanga ni kazi ya wanawake. Mama alifinyanga, bibi alifinyanga, na mama yake bibi, ambaye sikumwona, naye alifinyanga. Tulizaliwa watoto wa kike wawili, mimi na mdogo wangu Siwema. Baba alitangulia mbele ya haki tungali wadogo, na chungu ndicho kilichotulisha.

Sasa nikueleze habari ya vigae, maana bila hiyo hutauona ubaya wangu.

Udongo wa mfinyanzi ukiwa peke yake ni mkaidi. Ukikauka unajikunja, unapasuka, na motoni ndiyo kabisa. Ni lazima uchanganywe na kitu kilichokwisha kuungua. Kwetu tunachukua vigae vya vyungu vya zamani, tunavitwanga kwenye kinu mpaka vinakuwa chenga, tunachekecha, tunachanganya. Hapo udongo unatulia.

Lakini si vigae vya popote. Mfinyanzi akifa, siku ya arobaini yake wanawake wanakusanyika uani, wanachukua chungu chake cha mwisho wanakivunja, na vipande vinawekwa pamoja na vya waliomtangulia. Binti zake wanavitumia kidogo kidogo. Chungu kizuri kikivunjika kwa bahati mbaya nacho kinarudi humo humo, ndiyo maana havikuwa vikiisha. Mama alikuwa akisema kila chungu chetu kina mkono wa bibi ndani yake. Shehe wetu aliyajua hayo, akasema ni mambo ya wanawake na majiko yao, akapita zake.

Vyetu vilikaa nyuma ya jiko, ndani ya mtungi mkubwa uliovunjika mdomo, umefukiwa nusu ardhini, umefunikwa kwa ungo mbovu. Binti akiolewa mbali anapewa konzi moja tu ya mkono. Anakwenda nayo, anafinyanga chungu chake cha kwanza huko ugenini, na kikitoka kizima anakivunja. Anakivunja mwenyewe! Kuanzia hapo ana vigae vyake, anaviongeza taratibu, na wa nyumbani wakipungukiwa wanajua waende kumwomba nani.

Utaratibu wote ndio huo. Mtoto wa miaka saba kwetu anaujua. Na mimi niliujua!

Ikaja miaka ya ruksa. Mnaikumbuka. Maduka yaliyokuwa matupu, tukipanga foleni ya sabuni, ghafla yakajaa. Mitumba, redio, sufuria zinazong'aa, ndoo za plastiki za kila rangi. Sisi tulifurahi kama wenzetu. Mimi mwenyewe nilinunua ndoo ya bluu nikaringa nayo kisimani, mjinga mimi, sikujua nimejinunulia njaa.

Wateja wetu wakubwa walikuwa watu wa delta, kule mto unakoingia baharini. Huko maji ya visima yana chumvi, na kila nyumba ilitaka mtungi wa kuwekea maji matamu yaliyoletwa kwa mtumbwi. Wakaacha kuja. Walikwisha kupata madumu ya plastiki, ambayo hata yakianguka hayavunjiki. Tukawa tunashinda Kibiti kando ya barabara, vyungu tumevipanga, mabasi ya Lindi yanapita yanatumwagia vumbi. Jioni tunavirudisha vilevile kichwani.

Siku moja gari dogo likasimama mbele yetu. Akashuka mama wa makamo mwenye miwani ya jua, Kiswahili chake cha Mombasa. Alikuwa na duka la vitu vya sanaa karibu na Malindi, huko Kenya, akiuzia hoteli za watalii. Wafanyakazi wake walimwita Madam, nami nitamwita hivyo hivyo.

Akainua mtungi wa mama, akaugonga kwa ukucha, ukalia.

"Huu umetengenezwa na nani?"

"Mama yangu," nikasema. "Lakini na mimi najua."

Hilo "na mimi najua" ndilo lililonipeleka.

Madam akaniambia nihamie kwake na kazi yangu. Karakana ipo, udongo unaletwa na lori, tanuri la umeme lipo. Kilichokosekana ni mikono, maana watu wa hoteli walikuwa wanataka mitungi mikubwa ya maua, ya kizamani, yenye alama za mkono wa mtu. "Wewe njoo tu," alisema. "Hapa unauzia nani? Vumbi?"

Nilipofika nyumbani mama alikuwa anamenya mihogo, na shoga yake Bi Somoe amekaa naye mkekani. Bi Somoe naye alikuwa mfinyanzi, ila plastiki ilipoingia alisusa, akarudi shambani. Nikamweleza mama safari yangu. Hakuuliza mshahara wala nitalala wapi.

"Udongo wa huko ukoje?"

"Sijui, mama. Si udongo tu?"

Kisu kikasimama. "Weye! Mie nakufunza miaka yote hiyo, leo waniambia udongo ni udongo tu?"

Bi Somoe akacheka. "Mwache aende. Atajuana nao huo udongo huko huko."

Asubuhi ya safari mama akaniita nyuma ya jiko. Akaondoa ungo, akaingiza mkono mtungini, akatoa konzi moja, akaifunga kwenye kitambaa cha kanga kuukuu.

"Haya. Usiwe na pupa. Anza na kimoja, kidogo. Kikitoka kizima kivunje. Kitakuuma, najua, kivunje hivyo hivyo. Halafu tengeneza viwili. Siku mie nikipungukiwa, n'takuja kuomba kwako."

Nikasema ndiyo mama. Nikaona ananichelewesha basi.

Malindi nikapewa chumba chenye sakafu ya saruji na feni. Ulikuwa udongo mzuri machoni, laini, wa kijivu, nikajiona nimefika. Wallahi ulinidhalilisha! Mitungi mikubwa ilisimama vizuri siku ya kwanza, ya tatu ikapasuka shingoni. Iliyofika kwenye tanuri ikatoka vipande, na vipande hivyo hata nilipovitwanga nikavichanganya havikuutuliza. Madam anapita asubuhi, anaangalia, anakwenda zake.

Nikakumbuka konzi ya mama. Nikatengeneza chungu kimoja kidogo kama nilivyoagizwa. Kikatoka kizima, chekundu, kinalia ukikigusa. Nilikikumbatia nikalia kwa furaha. Kilichobaki kilikuwa kukivunja.

Madam akaingia akakiona. "Sasa hiki ndicho! Hiki kinakwenda kwenye meza ya meneja wa hoteli leo leo."

"Madam, hiki ni cha kuvunjwa."

"Cha nini?"

Nikamweleza. Akacheka mpaka akatafuta kiti. "Uvunje kitu kizuri hivi? Ndiyo maana huko kwenu hamwendelei."

Nami nikaona aibu. Niliona aibu kwa ajili ya mama yangu! Nikakitoa mwenyewe kwa mikono miwili, akakiweka kwenye gari. Konzi yangu ikaenda hivyo.

Baada ya hapo mambo yakawa mabaya zaidi. Madam akaniambia kwa upole, na ule upole wake ulikuwa mbaya kuliko makelele, kwamba nikishindwa niseme anitafutie nauli ya kurudi. Nirudi? Mimi niliyewaaga watu Kibiti nzima nikisema naenda kufungua karakana Kenya? Nikamwambia anipe ruhusa nikale Idi nyumbani, nikirudi nitakuwa na dawa ya udongo ule.

Dawa niliijua iko wapi.

Siku ya pili ya Idi mama, Siwema na Bi Somoe walikwenda kumwangalia mgonjwa kijiji cha jirani. Mimi nikasema kichwa kinaniuma. Walipopotea tu njiani nikaenda nyuma ya jiko na magunia. Nilitaka nichukue nusu. Nasema kweli, nilitaka nusu. Lakini mkono ukiingia mle ndani hautoki, kila kipande nilikiona kama mtungi mzima umesimama kwenye hoteli. Nikachota mpaka chini kabisa, mpaka vigae vyeusi vya yule mama wa bibi ambaye sikumwona.

Mtungi ukabaki mtupu. Hapo ndipo ningerudisha, kama ningekuwa mtu.

Karibu na njia lilikuwepo duka la zamani, limeanguka siku nyingi, vigae vya paa lake vimezagaa kwenye nyasi. Vyekundu, vimepigwa na mvua, ukivivunjavunja huwezi kuvitofautisha na vya vyungu. Vilikuwa vimegandiwa na chokaa ya ukutani. Nikaikwangua kwa kisu, haraka haraka, jasho linanitoka, nasikiliza njia. Nikaujaza mtungi kwa hivyo. Juu nikatandaza vigae vya kweli kidogo ili mkono wa mama usishtuke. Nikarudishia ungo.

Waliporudi mama akanigusa kipaji cha uso. "Jasho hili! Homa hiyo." Akanipikia uji.

Kesho yake ndipo niliposafiri. Magunia mawili nimeyafunga pamoja, nimeshindwa kuyainua. Mama akaja.

"Uzito gani huu?"

"Udongo wa bondeni, mama. Nataka nikaufananishe na wa kule."

Uso wake ulivyofunguka! "Hapo umefanya la maana. Nilijua tu utakumbuka." Akavua kanga yake ya mabegani, akaniviringia ngata, akaniwekea kichwani. Halafu akainama, akasema bismillahi, akaninyanyulia mzigo. Alinitwisha mwenyewe! Mzigo wa mama yake na bibi yake, alininyanyulia kwa mikono yake miwili akanisindikiza mpaka barabarani, akihema, akinishikilia usianguke.

Nimeandika mpaka hapa nikaacha, nikaenda kunywa maji, nikarudi. Hapo ndipo huwa nashindwa kupita.

Malindi nikawa fundi. Mitungi ikatoka mizima, mikubwa, yenye alama ya kwetu, mikwaruzo ya kucha tatu chini ya shingo. Ikapangwa kwenye njia ya hoteli moja kubwa kutoka getini hadi baharini. Nikapigwa picha nayo. Nikawa nachota chenga kama nachota unga wa msaada, na hakuna hata mtungi mmoja niliovunja ili kurudishia. Nilisema nitavunja mwezi ujao. Siku nyingine nilisema nitavunja ule wenye kasoro, na kasoro nisiione.

Kuna siku lori lilileta udongo, Madam akautazama, akachagua chembe nyeupe kwa kidole, akapiga kelele. "Chokaa! Rudisha huu wote. Chokaa haina haraka. Chungu kinatoka motoni kizima, mnashangilia, kinakaa kidogo kinavuta unyevu, halafu kinajipasua chenyewe. Utamrudishia mteja nini?"

Nikauona akilini ule mtungi nyuma ya jiko la mama. Nikajiambia nilikwangua vizuri. Nikajiambia hivyo kila siku, na nyumbani sikwenda.

Chenga zikaisha. Mitungi ikaanza kupasuka tena, Madam akapata vijana wa kutengeneza mitungi ya saruji kwa kalibu, akanipa mkono wa kwaheri. Baada ya miaka yote hiyo nikarudi Mahege na sanduku la nguo.

Uani nikakuta rundo la vyungu vilivyovunjika, limeota majani.

"Mama hafinyangi siku hizi," Siwema akaniambia kabla sijakaa. Akanieleza. Mwanzo vilitoka vizuri, halafu vikaanza. Vinatoka motoni vizima, vinauzwa, baada ya siku chache watu wanarudi navyo vimebanduka. Mama mmoja alikuja kutoka Mbwara na mtungi uliompasukia siku ya harusi ya mwanawe, maji yamelowesha magunia ya mchele, akautupa mbele ya mama wageni wakiwepo. Mama akabadilisha udongo. Akabadilisha kuni. Akasomewa dua. Akafunga. Akaenda kaburini kwa bibi akafyeka majani, akaomba radhi. Vikapasuka.

Nilimkuta barazani anasuka ukili. Alikuwa amekonda. Aliniambia nikae, akaiweka mikono yake mapajani akaitazama kana kwamba ni ya jirani.

"Imenikataa," akasema. "Mwanangu, weye ulikuwa mbali, labda utaona nisichokiona. Nilimkosea nini bibi yako? Nafikiri kila siku. Nilimwuguza, nilimwosha, nilimzika. Nilimkosea nini hata akauondoa mkono wake?"

Neno moja tu! Ningesema "mama, ni mimi," angenipiga, angenilaani, halafu angemwaga vile vitakataka akaokota vigae vya jalala lolote la mfinyanzi, na wiki ileile angekuwa anafinyanga. Kazi yake ilikuwa imekaa kwenye ulimi wangu. Nikafungua mdomo, nikasema, "Hujamkosea kitu, mama. Ni uzee tu."

Uzee! Nilimwambia hivyo mama yangu.

Akatikisa kichwa. Halafu uso wake ukapata mwanga kidogo. "Lakini weye n'likupa konzi. Si ilizaa huko? Kama bibi kaniacha mie, weye hajakuacha, watu walituambia mitungi yako inasimama mizima. Niletee chungu chako kimoja. Kimoja tu. N'takivunja nianze upya."

Nikaitika. Nilikubali kwa haraka kwa sababu niliona mlango wa kutokea bila kusema. Nikarudi Kenya kutafuta chungu changu mwenyewe.

Dukani kwa Madam hakikuwepo hata kimoja. Nikaenda hoteli. Mlinzi akanisimamisha getini.

"Mama, unatafuta nani?"

"Ile mitungi pale nimeitengeneza mimi. Naomba mmoja, hata wenye ufa."

Akaitazama, akanitazama. Hakuwa mtu mbaya. "Hata hili geti nimelipaka rangi mimi," akasema. "Si langu."

Nikasubiri pale mpaka meneja akapita na gari. Alikuwa mgeni, hanijui. Akasema mitungi imeshikizwa chini kwa saruji, haitoki ila kwa kuvunjwa. Nikamwambia hilo ndilo ninalolitaka, nivunje mmoja niondoke na vipande! Akafunga kioo. Nikabaki naiangalia kupitia vyuma vya geti. Walikuwa wameipaka rangi nyeupe. Mgeni mmoja akazima sigara ndani ya ule wa kwanza, akaendelea na njia yake.

Nikarudi, lakini sikupita nyumbani. Niliona haya. Nikakumbuka delta, mitungi yote ambayo mama aliwauzia zamani. Nikashuka huko kwa mtumbwi, nikawa nazunguka visiwani nyumba kwa nyumba naulizia mitungi ya Mahege. Watu wananicheka. Madumu, mama, sisi tunatumia madumu. Mingine ilitupwa kwenye matope ya mikoko, mingine haikumbukwi.

Mwishowe bibi mmoja akanipeleka nyuma ya nyumba yake. Ulikuwepo! Mzima, kucha tatu chini ya shingo, mkono wa mama wenyewe. Umewekwa juu ya kaburi la mumewe, kichwani.

"Ulikuwa mtungi wake wa maji," akasema. "Aliupenda. Nikikupa huu, mwanangu, kesho n'takapokwenda yeye n'tamwambiaje?"

Nikapiga magoti. Nikambembeleza. Akalia na mimi nikalia, asinipe. Na alikuwa na haki. Nilizunguka nchi mbili kukwepa neno moja, na neno lenyewe nililibeba mdomoni njia nzima.

Nilipopanda kutoka bandarini kufika Kibiti, mwanamke wa kwetu aliyekuwa anauza maandazi akaacha biashara yake akanifuata. Alinishika mikono. "Pole, shoga yangu. Tulikutafuta kila mahali, tukasema tusimcheleweshe." Walikuwa wamekwisha kumzika.

Siwema alisema mama aliumwa kwa muda mfupi. Aliulizia mara nyingi kama nimefika na chungu.

Siku ya arobaini wanawake wakakusanyika uani. Bi Somoe ndiye aliyeongoza, amezeeka naye. Akauliza, "Chungu chake cha mwisho kiko wapi?" Siwema akaingia ndani akatoka na chetezo kidogo, cha kufukizia ubani. Mama alikifinyanga kabla ya kukata tamaa, akakificha chini ya kitanda. Kina ufa, mguu mmoja umebanduka.

Bi Somoe akakifunga kwenye kanga, akakigonga kwa mchi. Akafungua. Akachukua kipande, akakisogeza karibu na macho. Akakwangua kwa ukucha.

"Chokaa," akasema. "Hii chokaa. Imeingiaje humu?"

Sasa, nikasema moyoni. Sasa hivi, mbele ya watu wote.

Siwema akafuta machozi. "Mama alikuwa haoni vizuri siku za mwisho," akasema. "Labda alichimba pabaya."

"Maskini," wanawake wakasema. "Macho. Kumbe yalikuwa macho." Bi Somoe akatikisa kichwa, akarudisha kipande kwenye kanga. Akamwambia Siwema, "Chukua hivi, vichanganye na vya bibi yako mle mtungini. Vya bibi yako ni vizuri, vitavituliza."

Nikamwona mdogo wangu anaondoa ungo, anamimina vigae vya mama juu ya uongo wangu, anafunika. Mama yangu akazikwa mara ya pili, na lawama juu yake, na mimi nimesimama nimeshika birika la kahawa.

Utaniuliza kwa nini simwambii Siwema. Nilijaribu! Wiki iliyopita nilimkalisha, nikaanza, "Siwema, kuna jambo kuhusu mtungi wa nyuma." Akadhani nataka tugawane. Akanishika bega. "Vyote ni vyako pia, dada. Bora umerudi. Sina mtu mwingine." Nikaishia hapo. Nikimwambia, lazima amwage kila kilichomo, na vya mama vimo humo, vimechanganyika, hakuna wa kuvichambua. Nikimwambia, nampokonya mama na dada kwa siku moja. Nisipomwambia, na yeye atakuja kuitazama mikono yake kama alivyoitazama mama. Nageuka huku, nageuka kule. Hakuna upande.

Nyinyi mnaohama na kazi za mikono yenu, mnaokwenda huko nje kwa sababu hapa hakuna wateja, nendeni. Si dhambi kwenda. Lakini chukueni mlichopewa, hata kama ni konzi moja, na fuateni maagizo yake hata watu wakiwacheka. Na kama umekwisha kuchukua zaidi, rudi leo ukaseme, ukaseme yungali hai wa kukupiga kofi. Kofi linapoa. Mimi ningelipa chochote nipigwe lile la mama.

Naomba mwisho huu mnisamehe, siwezi kuandika zaidi. Siwema ananiita uani. Leo amechoma vyungu vyake vya kwanza tangu msiba. Namsikia anafukua majivu, anavigonga kimoja kimoja kwa ukucha, vinalia.

"Dada! Njoo uone! Vimetoka vizima vyote! Mkono wa mama huu!"

Nimemjibu nakuja.